Makaratasi Yaliyopingana: Kisa cha Visa ya Biashara Iliyokataliwa

Faili lililokataliwa lilikuwa nene kuliko mafaili mengi yaliyokubaliwa ambayo nimepata kuyaona. Lilikuwa na taarifa ya benki, cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN, leseni ya biashara, tiketi, hoteli, bima, barua ya mwaliko na barua ya mwombaji, vyote vimepangwa kwenye plastiki za kung'aa. Mwenyewe ni mama anayefanya biashara ya viungo Muheza, mkoani Tanga. Hununua pilipili manga, iliki na mdalasini kwa wakulima wa milima ya Amani, akakausha, akachambua na kuwauzia wasafirishaji wa Tanga mjini na Dar es Salaam. Safari yenyewe ilikuwa ya Nürnberg, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Biofach, ambayo kwa kawaida kila Februari hukutanisha wauzaji na wanunuzi wa mazao ya kilimo hai. Mnunuzi mmoja wa Hamburg alikuwa ameshapokea sampuli zake na kumwambia waonane huko ana kwa ana.

Kwa hiyo biashara ilikuwepo, mnunuzi alikuwepo, na nia ya kurudi ilikuwepo. Visa ikakataliwa.

Faili lilinifikia baada ya hapo, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuandaa nyaraka za mizigo inayokwenda nje, na watu wa viungo wananifahamu. Swali lake lilikuwa moja: "Kila karatasi waliyoitaka nimewapa. Sasa wanataka nini tena?"

Jibu lilikuwa kwenye fomu ya kukataliwa aliyoshika mkononi. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye visa moja ya pamoja, hutumia fomu moja yenye sababu zilizokwisha kuchapwa, afisa huweka alama kwenye zinazomhusu mwombaji. Kwake zilikuwa tatu: maelezo kuhusu madhumuni na mazingira ya safari hayaaminiki, kuna mashaka ya msingi juu ya ukweli wa maelezo aliyotoa, na kuna mashaka juu ya nia yake ya kuondoka kabla visa haijaisha. Hakuna popote palipoandikwa kwamba kuna karatasi imekosekana. Watu wengi wakipata fomu hii macho huganda kwenye ile ya mwisho. Wanaona wameitwa wazamiaji, wanahamaki, na zile mbili za juu hawazisomi tena. Mimi husoma kuanzia juu, maana shaka ya kutorudi mara nyingi huzaliwa na maelezo yasiyoshikana.

Tukakaa na makaratasi mezani, tukaanza kusoma karatasi moja dhidi ya nyingine. Afisa wa visa hana njia nyingine ya kumjua mtu. Hajui kwamba huyu mama anaheshimika Muheza nzima, wala hajaona ghala lake.

Barua ya mwaliko ilikuwa mistari mitatu iliyochapwa kutoka kwenye barua pepe. Haikuwa na tarehe za safari, cheo cha aliyeandika, wala maelezo ya kwamba watu hawa wawili wamejuana vipi. Ilikuwa na sentensi moja ya ukarimu: njoo, tutashughulikia kila kitu. Lakini kwenye fomu ya maombi, mahali pa kueleza nani analipa, pameandikwa mwombaji mwenyewe. Sasa nani analipa? Yule Mjerumani hakuwa na maana ya kulipia tiketi wala hoteli, alikuwa anaonyesha uungwana tu. Tena huko kwao ahadi ya namna hiyo haina uzito ikiwa kwenye barua ya kawaida. Mtu au kampuni inayotaka kubeba gharama za mgeni kisheria huenda kusaini hati ya dhamana kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Basi barua iliahidi kisichokuwepo, na fomu ikaikanusha.

Barua ya mwombaji ilikuwa imeandikwa na wakala. Namwita wakala kwa adabu, mjini wanamwita kishoka. Ndani yake huyu mama ni "mkurugenzi mtendaji wa kampuni" yenye mauzo ya shilingi milioni 400 kwa mwaka. Ukifungua karatasi inayofuata, cheti cha BRELA ni cha jina la biashara, si cha kampuni. Hivyo ni vitu viwili chini ya sheria mbili: mwenye jina la biashara ni mtu mmoja anayefanya biashara yake kwa jina alilosajili, na hakuna mkurugenzi hapo. Ukifungua nyingine, makadirio ya kodi ya TRA yanaonyesha analipa kwa utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, ambao ni wa watu binafsi wenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka. Mtu anayejua karatasi za TRA, na kwenye balozi kuna wafanyakazi Watanzania wanaozijua vizuri sana, anabaki na uwezekano wa aina mbili tu: ama barua inadanganya, ama kodi inakwepwa.

Ukweli ulikuwa mauzo ya kama milioni 80. Ni biashara inayojitosheleza, haikuhitaji kupambwa. Kilichoniudhi zaidi kwenye faili lote ni hapa, kwamba mtu mwenye jambo la kweli alilipa pesa ili lifanane na la uongo.

Halafu ikaja taarifa ya benki.

Kwa miezi mitano akaunti ilikuwa inacheza kati ya laki tatu na milioni mbili. Siku tano kabla ya kuchapwa, zikaingia milioni 28 taslimu, mara moja. Wakala alikuwa amemwambia, "Mama, ubalozi hauangalii mtu, unaangalia salio," akamtafutia mtu wa kumkopesha kwa riba ili salio lisome vizuri, pesa zirudi baada ya wiki mbili. Utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba wengine wanadhani ni sehemu ya maombi, kama kupiga picha. Lakini afisa hasomi mstari wa mwisho peke yake. Anasoma pesa zinaingia kutoka wapi, zinatoka kwenda wapi, na kama mwendo huo unafanana na kazi ambayo mtu anasema anaifanya. Mfanyabiashara wa mazao ana pesa zenye tabia yake: msimu ukifika zinatoka nyingi kwa vipande vidogo vidogo kuwalipa wakulima, kisha zinaingia kwa mikupuo mikubwa kutoka kwa wasafirishaji. Akaunti ya usingizi inayoamka siku tano kabla ya maombi haina tabia hiyo.

Na kumbe pesa zenye tabia hiyo alikuwa nazo. Zilikuwa kwenye akaunti nyingine, inayopokea malipo ya wasafirishaji, na kwenye simu, ambako ndiko anakolipia wakulima. Akaunti hiyo ilikuwa na milioni tisa. Hakuiweka kwenye faili kwa sababu aliambiwa ni kidogo. Kwa safari ya siku chache ambayo tiketi na hoteli zimeshalipiwa, milioni tisa zinazoonekana zilikotoka zina nguvu kuliko milioni 28 zisizo na baba wala mama.

Mambo madogo nayapitia haraka. Bima ilikuwa ya kiwango sahihi, yaani kinga isiyopungua euro 30,000 inayotambulika nchi zote za Schengen, ila ilikuwa ya siku 14 na safari ya siku 21. Jina kwenye leseni ya biashara lilikuwa na ubini wa mume, kwenye pasipoti la baba, na hapakuwa na kiapo cha majina wala cheti cha ndoa cha kuunganisha. Aliomba visa ya kuingia mara nyingi bila kueleza sababu, na hakuwahi kukanyaga Ulaya.

Zile siku 21 ndizo zilizomaliza kazi. Biofach ni maonyesho ya siku nne. Hoteli ilikuwa ya usiku tano Nürnberg. Baada ya hapo kulikuwa na usiku 15 mtupu, kisha ndege ya kurudi kutoka Frankfurt. Alikuwa anakwenda wapi? Kwa binamu yake Rotterdam, kupumzika na kuona watoto. Hakuna kosa hapo. Mtu anaruhusiwa kuunganisha biashara na kumtembelea ndugu, mradi aseme, aonyeshe atakapolala, na aeleze kwa nini anaomba kwa nchi hii na si ile. Kanuni ni kwamba unaomba kwa nchi ambayo ndiyo makao makuu ya safari yako kwa urefu wa kukaa au kwa madhumuni, na kama hakuna iliyo kuu, basi unakoingilia kwanza. Kwa ratiba yake, kwa madhumuni ni Ujerumani, kwa siku ni Uholanzi. Lingeelezeka kwa sentensi mbili. Lakini wakala alimwonya asitaje ndugu yeyote aliye Ulaya, kwa hiyo usiku 15 ukabaki wazi, na nafasi wazi kwenye ratiba ya mtu anayesafiri mara ya kwanza, mwenye milioni 28 za ghafla na kampuni isiyokuwepo, afisa anaijaza kwa akili yake.

Na dirishani alipoulizwa anakwenda kufanya nini, alijibu kama alivyofundishwa: "Mkutano." Akaulizwa mkutano na nani. Akasema na kampuni. Huyu ni mama ambaye ukimpa punje ya pilipili manga mkononi atakwambia ilivunwa mbichi au iliiva, na ilianikwa juu ya turubai au ardhini. Siku ile alikuwa na neno moja.

Hasira ya kwanza ikipoa, swali huwa ni kukata rufaa au kuomba upya. Kwa Ujerumani zamani ulikuwa unaweza kuandika barua ubalozini kuomba uamuzi upitiwe tena, utaratibu ulioondolewa dunia nzima tarehe 1 Julai 2025. Kilichobaki ni kwenda mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, au kupeleka maombi mapya. Mahakama inafaa pale ambapo faili lilikuwa sawa na uamuzi ndio uliokosea. Hapa faili lenyewe ndilo lilikuwa na ugonjwa.

Wakala naye alikuwa na njia yake ya tatu: waombe kupitia nchi nyingine ya Schengen, na wakae kimya kuhusu kukataliwa. Ushauri huu unauzwa sana na hauna maana. Maombi yote ya visa za Schengen, pamoja na uamuzi wake, huingia kwenye mfumo mmoja unaoitwa VIS na hukaa humo miaka mitano. Afisa wa nchi yoyote kati ya hizo akiweka jina lako au alama zako za vidole anaona yote. Kunyimwa mara moja hakukufungii mlango, ila kukificha kitu ambacho mwenzako anacho kwenye kompyuta yake kunakurudisha kwenye ile sababu ya pili ya fomu, ya mashaka juu ya ukweli wa maelezo.

Maonyesho yalikuwa yamepita. Tukamwandikia mnunuzi wa Hamburg kueleza hali, naye akajibu kwamba Juni atakuwa ofisini na angependa waonane kwenye ghala lake. Safari mpya ikawa na sura nyingine: siku sita, mji mmoja. Rotterdam iliahirishwa. Si kwamba kumtembelea binamu ni vibaya, ila baada ya kukataliwa mara moja, safari nyepesi kueleza ni bora kuliko safari tamu.

Muda nao tuliuheshimu. Kanuni inaruhusu kupeleka maombi hadi miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika 45 pale wanapotaka kuchunguza zaidi. Watu hukariri ile 15 na kusahau 45, na kusahau kwamba kupata miadi kwenyewe kunaweza kula wiki kadhaa. Faili la kwanza liliingia wiki ya tatu ya Januari kwa safari ya Februari. Hili la pili liliingia Aprili. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, haina kurudishwa, na unailipa upya kila unapoomba.

Barua mpya ya mwaliko ilikuja kwenye karatasi rasmi ya kampuni, na namba yake ya usajili chini. Imetaja jina la mama kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kufika na kuondoka, na kwamba walianza kuandikiana baada ya kupokea sampuli. Imesema sampuli mbili zilifaa na moja ilirudishwa kwa sababu ya unyevu, na kwamba wanataka kumwonyesha wanavyopima kabla ya kuagiza. Mwisho ikasema tiketi, hoteli na bima ni juu ya mgeni. Hiyo sentensi ya mwisho aliisoma kwa uso wa kukunja, akaona wamemfanyia ubahili. Nikamwambia ndiyo sentensi ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa inasema kile kile ambacho fomu inasema.

Barua yake ilikuwa ukurasa mmoja. Alisema kwa Kiswahili, tukaandika, kisha ikawekwa kwa Kiingereza bila kuongeza vyeo. Ni mfanyabiashara binafsi, mauzo yake ni kiasi fulani, kama TRA wanavyojua. Chini yake tuliambatanisha ankara za wasafirishaji wawili anaowauzia, mkataba wa pango la ghala, michango ya NSSF ya wafanyakazi wake wa kudumu, cheti cha ndoa na kiapo cha majina. Akaunti inayofanya kazi ikaingia, na taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, ambayo kampuni za simu hutoa ukiomba. Faili likawa jembamba kuliko la kwanza.

Palipokuwa pagumu ni kwenye ile akaunti ya milioni 28. Taarifa ya miezi sita ilikuwa bado inaonyesha pesa zikiingia Januari na zikitoka Februari. Alitaka tuiache kabisa, na sikumshangaa. Lakini ubalozi ulikuwa umeshaiona, iko kwenye kumbukumbu, na kuikosa kwenye faili jipya kungezua swali baya zaidi. Nikashauri iingie, na barua iseme wazi kwamba fedha zile zilikuwa mkopo wa muda uliowekwa kwa ushauri wa wakala, zimerudishwa, na hazihesabiwi kwenye uwezo wake wa safari hii. Wapo wanaofanya kazi hii ambao wangeshauri vingine, na sina uhakika kwamba kila afisa angelipokea vizuri. Alilala nalo siku mbili, akaongea na mumewe, akakubali. Aya hiyo ilitaja pia kukataliwa kwa mwanzo na tarehe yake.

Aliitwa kuhojiwa. Afisa alianza na ile aya, kama ilivyotarajiwa, akamuuliza mkopo ulikuwa wa nani na riba ilikuwa kiasi gani. Akajibu. Kisha akaulizwa kwa nini lazima aende mwenyewe wakati watu siku hizi wanaonana kwa simu. Hapo alikuwa kwenye uwanja wake: akaeleza kwamba pilipili manga ikiwa na unyevu inaota ukungu njiani, kwamba kipimo anachotumia Muheza kilimpa jibu moja na cha Hamburg kikatoa jingine, na kwamba hawezi kujaza tani tatu kwenye kontena kabla hajajua kipimo gani kinasema kweli. Anasema afisa aliandika kwa muda, kisha akauliza kama iliki nayo ina shida hiyo.

Visa ilitoka, ya kuingia mara moja. Hata hapo kosa jingine lilikuwa linanyemelea, maana kwenye stika kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha, na pembeni kuna idadi ya siku. Alisoma tarehe, akaona zinazidi safari yake kwa wiki mbili, akaanza kuzungumza tena habari za Rotterdam. Wiki hizo mbili ni nafasi ya siku 15 inayoongezwa kwa kawaida ili safari ikisogea visa isife. Haziongezi muda wa kukaa. Siku za kukaa ni zile zilizoandikwa kwa idadi, na ukizizidisha hata kama tarehe ya mwisho haijafika, umekaa kinyume cha visa.

Makaratasi yale yale alisafiri nayo kwenye mkoba wa mkononi, maana stika haimzuii askari wa mpakani kuuliza upya unakwenda wapi na unalala wapi. Aliulizwa, akatoa barua ya Hamburg, akapita.

Sasa anataka kuomba ya kuingia mara nyingi. Kanuni ya kawaida ni kwamba ya mwaka mmoja hutolewa kwa mtu aliyepata na kutumia vizuri visa tatu ndani ya miaka miwili iliyotangulia. Anayo moja. Tiketi zilizotumika, risiti za hoteli na oda ya kwanza ya Hamburg ziko kwenye faili, zikisubiri safari ya Februari, na safari hii Rotterdam imo kwenye ratiba, kwa siku tatu, pamoja na barua ya binamu na anwani yake.